Jirani amejenga ghorofa: tuupatieje uwanja wa nyuma stara?

Mwanzisha uzi

Wadau, salaam. Naomba ushauri wenu juu ya uwanja wa nyuma ya nyumba yetu, kwa kuwa jambo hili limeanza kubadilisha namna tunavyoishi. Nyumba yetu ni ya chini, na ukuta wa nyuma una kimo cha mita 1.8, ambacho kwa miaka mingi kilitutosha. Sasa jirani wa nyuma amepandisha ghorofa, na madirisha ya vyumba vyake vya juu yanatazama moja kwa moja mahali tunapokaa jioni, watoto wanapochezea na nguo zinapoanikwa. Sina ugomvi naye, kwa sababu ana haki ya kujenga na ana haki ya kufungua dirisha lake. Lakini mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, siku hizi hatoki nje mpaka giza liingie, nami naona si sawa mtu akose kupunga hewa ndani ya kiwanja chake mwenyewe.

Vipimo nilivyo navyo ni hivi: kutoka benchi letu, lililo karibu na mlango wa nyuma, hadi ukutani ni mita 6, na kutoka ukutani hadi nyumba ya jirani ni takriban mita 8. Upande wa kushoto hatuna ukuta bali uzio wa waya, hivyo jirani wa upande huo tunaonana naye tangu asubuhi. Wengine wamenishauri nipandishe ukuta hadi mita 3, na wengine wamesema nipande miti inayokua haraka. Kabla sijatoa fedha ningependa kuwasikia waliowahi kushughulika na mambo haya.

Mjenzi

Ndugu, pandisha ukuta umalize kazi. Miti itakuchukua miaka, na mbao zitakudai rangi kila baada ya muda, ilhali tofali likishajengwa limejengwa.

Fundi wa Mbao

Naomba kutofautiana na ndugu Mjenzi, na nitaeleza kwa hesabu, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Tunapozungumzia stara, kinachotafutwa ni kukata njia ya macho kati ya jicho fulani na mahali fulani. Kimo cha ukuta peke yake hakikuambii kama njia hiyo imekatika au la.

Mtu aliyesimama kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza huwa na macho yake takriban mita 4.5 juu ya ardhi, maana sakafu yake iko kama mita 3, na macho ya mtu mzima yako kama mita moja na nusu juu ya sakafu. Kichwa cha mtu aliyeketi kwenye benchi kiko kama mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa vipimo ulivyotupa, jicho la jirani liko mita 14 kutoka benchini, na katika umbali huo njia ya macho inashuka mita 3.2. Ukifuata mstari huo kurudi nyuma, utaona kwamba unapita juu ya ukuta wako ukiwa kwenye kimo cha takriban mita 2.7. Kwa hiyo ili kumficha mtu aliyeketi, ukuta ungepaswa kuongezwa karibu mita nzima, na ili kumficha mtu mzima aliyesimama hapo hapo ungepaswa kufika karibu mita 3.

Sasa chukua mstari ule ule, lakini uukate mahali palipo mita moja na nusu tu kutoka benchini. Hapo unapita kwenye kimo cha mita 1.65 hivi. Maana yake ni kwamba kiambaza cha mbao cha mita 1.8, kikisimama karibu na benchi, kinafanya kazi ile ile ambayo ukuta wa mpakani ungeifanya kwa kufika mita 2.7, tena bila kugusa msingi wowote wa zamani. Kadiri kizuizi kinavyomkaribia anayefichwa, ndivyo kinavyoweza kuwa kifupi. Jicho la jirani hatuna mamlaka nalo, basi tunabaki na upande wetu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Ukuta wako wa sasa tayari una eneo linalofichwa, na eneo hilo liko miguuni pake. Ifikirie ile ghorofa kama taa, kisha ujiulize kivuli cha ukuta kingeangukia wapi. Kwa vipimo vyako, njia ya macho inayopita ukingoni mwa ukuta inagusa ardhi takriban mita 5.3 ndani ya kiwanja chako. Mita moja kutoka ukutani inapita kwenye kimo cha mita 1.46, kwa hiyo mtu aliyeketi hapo kichwa chake hakionekani kabisa. Benchi lenu mmeliweka mita 6 kutoka ukutani, yaani nje kabisa ya kivuli hicho, mahali ambapo hata miguu inaonekana. Huenda hatua ya kwanza ikawa kuhamisha benchi tu.

Mjenzi

Hesabu nimeielewa, lakini watu hawaishi wameketi. Kuna kuanika nguo, kuna kufagia, kuna watoto kukimbia.

Fundi wa Mbao

Ni kweli, na ndiyo sababu ni vizuri kwanza mtu akaamua ni wapi anahitaji stara na ni wapi anaweza kuishi bila stara. Mtoto anayekimbia katikati ya uwanja hadhuriki kwa kuonekana kwa sekunde mbili. Anayeumia ni mtu anayekaa mahali pamoja kwa saa nzima akijua kuna dirisha juu yake, pamoja na nguo za ndani zilizoning'inia kambani kutwa. Sehemu hizo mbili zikipata kinga, sehemu kubwa ya adha imekwisha. Atakayetaka kuuficha uwanja mzima dhidi ya dirisha la juu ataishia kuufunika uwanja mzima.

Ama kuhusu kupandisha ukuta, ukiutoa kwenye mita 1.8 ukaufikisha mita 3, nguvu ya upepo inayojaribu kuupindua kwenye msingi huongezeka karibu mara 2.8, kwa sababu eneo linalopigwa limeongezeka na wenzo nao umerefuka. Msingi wa zamani haukuchimbwa kwa mzigo huo. Kuta za mipakani huanguka, na zinapoanguka huangukia watu. Mwenye kutaka kupandisha ni lazima amwite mtu mwenye ujuzi akague msingi na aongeze nguzo za kushikilia, na aulize kwanza mamlaka ya mipango ya eneo lake, kwa kuwa sehemu nyingi zina kikomo cha kimo cha kuta za mpakani, na kikomo hicho mara nyingi ni cha chini zaidi upande wa barabara, hasa penye kona, ili madereva waweze kuonana.

Mtunza Bustani

Nimefurahi kuona uzi umeanza na vipimo. Nami niseme upande wa mimea, kwa sababu mimea ikitumiwa vizuri hufanya kitu ambacho mbao haziwezi: huupunguza upepo badala ya kuurusha.

Ukuta mzima usio na tundu huulazimisha upepo kupanda juu na kisha kujipinda na kushuka kwa vurugu upande wa pili, hivyo mtu huketi nyuma ya ukuta akashangaa kwamba vumbi linamzunguka. Kizuizi kinachopitisha sehemu ya upepo, tuseme kilicho wazi kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 50, hutuliza hewa kwa umbali mrefu zaidi, hata mara kumi ya kimo chake. Wigo wa mimea uliojaa majani kuanzia chini unafanya hivyo wenyewe. Hata Fundi wa Mbao akiacha nafasi ndogo kati ya ubao na ubao atapata faida hiyo kwa kiasi fulani, na zaidi ya hayo nguzo zake zitapumua.

Sasa, kuhusu miti inayokua haraka, namwomba mwanzisha uzi afikiri mara mbili. Mti unaokua mita moja kwa mwaka hausimami unapofika kimo ulichokitaka. Misaipresi mingi ni ya namna hiyo: inapendeza miaka ya mwanzo, kisha mtu anachelewa kuipogoa, na akija kuikata kwa nguvu hadi kwenye kuni kavu za ndani, haichipui tena sehemu hiyo, inabaki na upara wa kahawia usiozibika. Chagua mmea unaovumilia kukatwa na kuchipua tena kutoka kwenye tawi la zamani, na unaobaki na majani mwaka mzima, kwa sababu mmea unaopukutisha majani unakuachia wazi kwa miezi kadhaa. Uliza kwenye kitalu mambo hayo mawili kabla ya kuuliza kasi ya kukua.

Tena usingojee wigo ufike kimo ndipo uanze kuukata. Ncha ya mche hutoa homoni inayovizuia vichipukizi vya pembeni visikue, kwa hiyo mche ukiachwa utakimbilia juu na kuwa na miguu mitupu, na pale chini ndipo stara inapohitajika. Ukikata ncha mapema, matawi ya pembeni yanaamka na wigo unajaa. Kila unapopogoa, acha sehemu ya chini iwe pana kuliko ya juu, ili jua liyafikie majani ya chini. Wigo ulio mpana juu na mwembamba chini hujinyima mwanga wenyewe na kuanza kutoboka.

Panda ndani ya kiwanja chako, angalau sentimita 60 kutoka mpakani na zaidi ikiwezekana, ili uweze kuupogoa upande wa pili bila kuingia kwa jirani, na ili mizizi isiwe mashtaka baadaye.

Mpangaji

Samahani kwa kuingilia, lakini swali langu linafanana na hili. Mimi ni mpangaji, siruhusiwi kuchimba wala kupigilia chochote ukutani, na uwanja wetu mdogo umesakafiwa wote kwa zege. Je, mtu kama mimi afanyeje?

Fundi wa Mbao

Ndugu Mpangaji, tengeneza masanduku ya kupandia yenye fremu mgongoni. Sanduku la urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 50, likijazwa udongo na kumwagiliwa, lina uzito wa zaidi ya kilo 300. Uzito huo ndio nanga yako: fremu ya fito iliyofungwa kwenye sanduku hilo itasimama bila kuchimba. Juu ya fito unapandisha mmea unaotambaa, na ukihama unapunguza udongo na kuondoka na chombo chako. Hakikisha kuna matundu chini ya sanduku, na uliinue kidogo kwa vipande vya mbao ili maji yatoke na zege lisibaki na doa. Kwa anayeishi juu, kwenye roshani au kwenye paa la kukalia, uzito ule ule unageuka kuwa hatari, kwa hiyo asiweke masanduku ya namna hiyo kabla ya kuthibitishiwa kwamba sakafu inaweza kuyabeba.

Usiweke turubai lisilopitisha hewa kwenye fremu hiyo. Turubai hupokea upepo wote kama tanga la jahazi, na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Tumia fito zilizopishana au neti ya kivuli.

Mtunza Bustani

Niongeze kwamba mmea ulio ndani ya sanduku hukauka upesi kuliko ulio ardhini, na asiyekuwa na muda wa kumwagilia mara kwa mara ni afadhali apande miche michache kwenye masanduku makubwa kuliko miche mingi kwenye vyungu vidogo. Yasmini inatambaa vizuri kwenye fito na haihitaji kina kirefu. Bogenvilia nayo inafanya kazi, ila miiba yake isielekezwe njia ya watoto.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru sana. Nimefanya kama Fundi alivyoeleza, lakini kwa kijiti badala ya hesabu. Niliketi benchini, nikamwomba kijana wangu asimame mita moja na nusu mbele yangu akiwa na mti mrefu wa fagio, ambao tuliufungia kitambaa chekundu. Aliinua kitambaa polepole mpaka kikaufunika ukingo wa juu wa dirisha la jirani machoni pangu, kisha tukapima kutoka kitambaani hadi chini. Tulipata mita 1.7 na kidogo. Tukarudia mahali pa kamba ya nguo, na huko tukapata kimo kikubwa zaidi, kwa kuwa kamba yenyewe iko juu na iko karibu na katikati ya uwanja.

Mama naye alikaa kwenye kiti karibu na ukuta wa nyuma, na ni kweli kwamba dirisha halionekani kabisa ukiwa pale. Shida ni kwamba jua la jioni linapiga hapo moja kwa moja, wala hapana kivuli.

Naomba sasa mnisaidie mambo mawili: hiyo sehemu ya karibu na ukuta niifunike kwa nini, na upande wa kushoto wenye uzio wa waya niufanyeje? Kuna aliyenishauri mianzi.

Fundi wa Mbao

Kipimo cha kijiti kinazidi hesabu yangu, kwa sababu kinazingatia mteremko wa ardhi ambao mimi siujui. Vilevile umeifuata kanuni muhimu: kama mimi siioni kioo cha dirisha, aliye nyuma ya kioo hicho hanioni. Wengine wasomao hapa wafanye hivyo hivyo, na wapime hadi ukingo wa juu wa dirisha, maana macho ya mtu yanaweza kuwa popote ndani ya fremu hiyo.

Kwa kukaa karibu na ukuta, jenga kichanja cha mbao juu ya nguzo nne. Mbao za juu usizilaze bapa, bali zisimamishe kwa ubavu na uziinamishe, upande wa juu wa kila ubao ukielekea nyumba yenu, ili mtu anayetazama kutoka ghorofani aone bapa za mbao tu, huku wewe ukitazama juu kuelekea upande mwingine unaona mbingu. Zikipangwa hivyo zinatoa kivuli pia, ingawa ni lazima uangalie jua la kwako linatoka upande gani, kwani huenda ukalazimika kuongeza neti upande mmoja. Ukichagua neti ya kivuli peke yake, nunua ile nzito ya asilimia 80 au 90, na uivute kwa kuiinamisha upande mmoja, la sivyo maji ya mvua yatatuama katikati na kuipasua.

Nguzo zisipochimbiwa vizuri kazi yote ni bure. Kwa kiambaza cha mita 1.8 nguzo iingie ardhini sentimita 60 au zaidi, na penye udongo laini au upepo mkali iingie zaidi ya hapo. Nguzo ya mbao huoza pale inapokutana na uso wa ardhi, kwa kuwa hapo ndipo unyevu na hewa vinapokutana. Chini kabisa na juu kabisa mara nyingi utaikuta nzima. Kwa hiyo tumia mbao zilizotiwa dawa, weka kokoto chini ya shimo ili maji yapenye, na zege la juu lipandishe kidogo kuzidi ardhi, ukiliteremsha pande zote kutoka kwenye nguzo ili maji yasisimame shingoni mwake. Ukiweza kupata vikalio vya chuma vinavyoibeba nguzo juu ya zege bila kuizika, ni bora zaidi. Misumari na skrubu ziwe zimepakwa zinki. Na kabla ya kuchimba hata shimo moja, ujue mabomba ya maji, ya majitaka na nyaya za umeme zimepita wapi.

Mtunza Bustani

Kuhusu mianzi, tafadhali usinunue mpaka umeuliza ni ya namna gani. Iko mianzi inayokua kwa kichaka, ambayo shina jipya huota karibu na lile la zamani, na kichaka kinapanuka polepole. Iko pia mianzi inayotambaa, kwa mfano ile ya jenasi ya Phyllostachys, ambayo mashina yake ya chini ya ardhi husafiri mita kadhaa na kuchomoza kwa jirani, chini ya sakafu ya vibaraza, popote penye upenyo. Mtu akishaipanda hiyo mpakani bila kinga, ameanzisha kazi ya miaka. Kinga yake ni karatasi nene ya plastiki iliyozikwa wima kwa kina cha sentimita 60 hadi 75, ncha zake zikiwa zimeunganishwa sawasawa, na ukingo wake ukiachwa sentimita 5 juu ya ardhi ili uweze kuona shina linalojaribu kuruka. Mianzi ya kichaka haihitaji hayo yote, nami ndiyo pekee ningeipendekeza kwenye mpaka.

Hata hivyo, kwa upande wako wa kushoto sioni haja ya mianzi. Waya tayari upo, na waya ni ngazi nzuri ya mimea inayotambaa. Kagua nguzo zake kama ni imara, kwa sababu mmea uliolowa mvua ni mzigo, kisha panda miche ya kutambaa kila baada ya mita moja au moja na nusu, ukiielekeza kwanza kwa ulalo chini ya waya. Tawi linalolazwa hutoa machipukizi mengi kuliko linaloachwa kupanda wima, na hivyo sehemu ya chini nayo inajaa. Mwambie jirani kwanza, kwa kuwa majani yatatokea upande wake pia, na kama uzio ni wake huna ruhusa ya kuupandia bila idhini yake. Mazungumzo hayo yanaleta faida, maana mara nyingi jirani naye anaitaka stara hiyo hiyo na atakubali kumwagilia upande wake.

Jihadhari na mimea ya sumu penye watoto. Oleanda ina maua mazuri na hutumika sana kwa wigo, lakini kila sehemu yake ni sumu ikiliwa, na hata moshi wake unapochomwa ni hatari. Mnyaa nao unaota upesi na haudai maji, ila utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuliumiza vibaya sana. Anayeukata avae miwani ya kinga na glavu.

Msomaji wa usiku

Mbona hakuna aliyetaja taa? Sisi tulikuwa na fito nzuri sana mchana, na usiku zikawa kana kwamba hazipo.

Fundi wa Mbao

Umefanya vizuri kuuliza. Fito na neti zinafanya kazi kwa tofauti ya mwanga. Jicho lililo kwenye mwangaza haliwezi kuona vizuri kupitia matundu kuingia penye giza, na lililo gizani linaona vizuri penye mwangaza. Mashrabiya, yaani madirisha yaliyofunikwa kwa vifito vya mbao, za nyumba za kale za Cairo zinategemea jambo hilo hilo: aliye ndani, penye giza, anaiona barabara yenye jua, na wa barabarani anaona mbao tu. Usiku mkiwasha taa upande wenu, mambo yanageuka.

Dawa yake ni kuzishusha taa chini na kuzifunika juu, ili ziangaze sakafu na njia, zisiangaze nyuso wala fito zenyewe. Taa moja kubwa iliyotundikwa ukutani mwa nyumba ndiyo mbaya kuliko zote, maana inamulika kila mtu aliye uwanjani na kumkera jirani kwa wakati mmoja. Sehemu ambayo mnakaa sana usiku iwe na kiambaza cha mbao zinazopandana bila upenyo, na fito mziweke kwingine.

Mpangaji

Na kelele je? Upande wetu shida si macho tu, bali pia kila neno linasikika.

Mtunza Bustani

Hapa niwe mkweli juu ya mimea yangu: mstari mmoja wa wigo hauzuii sauti kwa kiasi cha maana. Sauti inazuiwa na kitu kizito kisicho na upenyo, kama ukuta wa tofali au mbao nene zilizopandana hadi ardhini, na ni lazima kitu hicho kikate njia kati ya mdomo na sikio. Kizuizi kizito kinachoikata tu njia hiyo hupunguza sauti kwa takriban desibeli 5, na kila kinavyozidi kimo hicho kinaongeza kidogo. Tundu la sentimita chache chini yake linaharibu sehemu kubwa ya kazi. Majani yanasaidia kwa namna nyingine, kwani yakichezwa na upepo hutoa mchakacho unaoyafunika maneno yasisikike waziwazi, na chemchemi ndogo ya maji karibu na mahali pa kukaa inafanya vivyo hivyo. Lakini iwe karibu nanyi, isiwe mpakani.

Mwanzisha uzi

Nimeamua hivi, na mnikosoe kama nimekosea. Kichanja kitajengwa karibu na ukuta wa nyuma kwa ajili ya kukaa, mbao za juu zikiwa zimeinamishwa. Benchi la mlangoni litabaki, likiwa na kiambaza kimoja cha mita 1.8 mbele yake. Kamba ya nguo itahamishiwa nyuma ya kiambaza hicho na kushushwa. Upande wa waya nitazungumza na jirani, kisha nipande mimea ya kutambaa. Ukuta sitaupandisha. Jirani wa ghorofani nitamweleza pia kabla fundi hajaanza, ili asidhani tumemnunia.

Mjenzi

Mpango ni mzuri, nami nakubali kwamba haudai tofali. Ila kiambaza usikisimamishe mita moja na nusu tu mbele ya mlango, kwa kuwa ni lazima watu na mizigo wapite, na siku ya moto njia hiyo ndiyo itakayowaokoa. Kisogeze pembeni ya mlango na upime tena kwa kijiti.

Mtunza Bustani

Na kwa mpangilio wa kazi, malizeni kwanza mashimo, zege na mbao, kisha tieni mbao rangi au dawa na mziache zikauke kabisa, ndipo mlete miche, kwa maana mafundi hukanyaga kila kitu na dawa ya mbao huunguza majani machanga. Pandeni mvua zinapoanza. Chimbeni shimo pana mara mbili ya mzizi lakini lisizidi kina chake, mwagilieni kwa wingi na kwa nafasi badala ya kidogo kidogo kila siku ili mizizi ifuate maji chini, na mtandaze majani makavu kuzunguka mche bila kuyagusisha shinani. Wakati mimea inakua, fungeni neti ya kivuli kwenye waya wa kushoto ili Mama aanze kutoka sasa, na muiondoe majani yatakapojaa.